Askari Polisi katika Njia ya Kwanza: John Akii-Bua na Mbio za Viunzi

Miongoni mwa mbio zote zinazokimbiwa uwanjani, zile za mita 400 kuruka viunzi zinamtaka mwanariadha awe na sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika mwili mmoja, yaani kasi ya mkimbiaji wa masafa mafupi na utulivu wa mtu anayehesabu huku pumzi zikimwishia. Mkimbiaji wa mita 400 za kawaida akichoka hufupisha hatua, hukaza meno na kujikokota hadi mwisho, na hasara yake haizidi sehemu chache za sekunde. Lakini anayeruka viunzi akifupisha hatua bila mpango hufika mbele ya kiunzi kwa mguu asioutarajia, akiwa karibu mno au mbali mno, na hapo hulazimika kupigapiga vihatua ili apate pa kurukia, huku wenzake wakimwacha. Ndiyo maana ufundi wa mbio hizi, ambazo wanaume walianza kuzikimbia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1900, umekuwa ni ufundi wa kuhesabu hatua zaidi ya kuruka kwenyewe, na ndiyo maana maisha ya michezo ya John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, hayaeleweki sawasawa bila kuanza na hesabu hiyo.

Kiunzi ni fremu yenye ubao juu na uzito chini, iliyotengenezwa ili ianguke kuelekea mbele ikipigwa kwa nguvu lakini isiangushwe na upepo wala kuguswa kidogo. Kwa wanaume, katika mbio za mita 400, ubao huo huwa sentimita 91.4 kutoka ardhini, ilhali katika mbio za mita 110, ambazo hukimbiwa kwa mstari ulionyooka, hufikia sentimita 106.7. Kila mkimbiaji hupewa njia yake na viunzi 10 vyake, cha kwanza kikiwa mita 45 kutoka mahali pa kuanzia, vinavyofuata vikiachana kwa mita 35, na baada ya cha mwisho zikibaki mita 40 za kumalizia. Kuangusha kiunzi si kosa, mradi isiwe kwa makusudi na mradi mguu usipite ubavuni mwa kiunzi chini ya usawa wa ubao. Hata hivyo kila kiunzi kinachogongwa hupunguza mwendo, na mwendo uliopotea katikati ya kona haurudi kwa urahisi.

Mita 35 za kati ya viunzi hazikimbiwi zote kwa miguu chini, kwa kuwa mkimbiaji hujirusha takribani mita mbili kabla ya kiunzi na kutua mita moja na kitu baada yake, hivyo zinabaki kama mita 32 za kugawanya katika hatua. Anayezigawa kwa hatua 13 anahitaji hatua yenye urefu wa karibu mita 2.4, na anayezigawa kwa hatua 15 anatosheka na mita 2.1. Ikumbukwe kwamba idadi ya hatua ikiwa witiri, kama 13 au 15, mguu unaotangulia juu ya kiunzi unakuwa uleule kila mara, na ikiwa shufwa, kama 14, mguu wa kutangulia hubadilika kutoka kiunzi kimoja hadi kingine. Wakimbiaji wengi hutumia mguu mmoja tu kwa umahiri, kama ambavyo watu wengi huandika kwa mkono mmoja tu, na kwa hiyo hatua 13 zinapowashinda katika nusu ya pili ya mbio hulazimika kushuka moja kwa moja hadi 15, mshuko ambao hukata mwendo ghafla na ambao mtazamaji mwenye jicho zuri anaweza kuuona hata akiwa jukwaani.

Jambo jingine ni kona. Wakimbiaji huzunguka uwanja kwa kuelekea kushoto, na anayetanguliza mguu wa kushoto anaweza kubana mstari wa ndani wa njia yake bila wasiwasi, kwa sababu mguu unaofuata, yaani wa kulia, hupitia upande wa nje. Lakini anayetanguliza mguu wa kulia huuburuta wa kushoto upande wa ndani, ambako unaweza kupita pembeni ya kiunzi na kumwondoa mashindanoni, hivyo analazimika kukimbilia katikati ya njia na kuongeza umbali wake. Tatizo hilo la kona ni kubwa zaidi katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya ndani kabisa na yenye mzingo mkali kuliko zote, na mtu mrefu mwenye hatua ndefu huteseka humo kwa sababu mwili wake unamvuta kwenda nje kila anapotua. Faida pekee ya njia hiyo ni kwamba aliyemo huwaona wapinzani wake wote mbele yake, maana wa njia za nje huanzia mbele ili umbali uwe sawa kwa wote, ingawa kuona migongo saba ni faida kwa mtu mtulivu na ni balaa kwa mwenye papara.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango kaskazini mwa Uganda. Baba yake, aliyekuwa chifu katika utawala wa wakati huo, alikuwa na wake kadhaa na watoto 43, na miongoni mwa watoto hao alikuwemo Lawrence Ogwang, ambaye mwaka 1956 aliiwakilisha Uganda katika kuruka umbali mrefu na kuruka hatua tatu katika Olimpiki ya Melbourne. Baba huyo alifariki John akiwa bado kijana mdogo, masomo yakakatika, na kijana akabaki kuchunga ng'ombe na kusaidia katika biashara ya kaka yake kabla ya kwenda Kampala kujiunga na jeshi la polisi.

Waandishi wa Ulaya waliomwandika baada ya ushindi wake walipenda sana sehemu ile ya ng'ombe, wakamchora kama kipaji kilichochipuka chenyewe porini, na simulizi hiyo imerudiwa hadi ikazoeleka hata Afrika Mashariki kwenyewe. Ukweli ni kwamba hakuna mtu anayejifunza kuruka viunzi kwa kuchunga ng'ombe. Ng'ombe huenda walimpa miguu na mapafu, lakini kilichompa viunzi, kocha, mshahara, chakula cha uhakika na muda wa mazoezi ni polisi, na kwa maana hiyo Akii-Bua ni zao la mfumo uleule uliowalea wanariadha wengi wa kanda hii, akiwemo Kipchoge Keino wa polisi ya Kenya na Filbert Bayi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Katika nchi ambazo hazikuwa na vilabu vya riadha vyenye fedha wala vyuo vikuu vinavyogharimia michezo kama vya Marekani, majeshi ndiyo yaliyokuwa vilabu, na mkimbiaji aliyevaa sare alikuwa na jambo ambalo mkulima au mfanyabiashara mdogo hakuwa nalo, nalo ni ruhusa ya kuhesabiwa kuwa yuko kazini wakati anakimbia. Ruhusa hiyo ilikuwa na bei yake, kwani mwajiri wa mwanariadha alikuwa serikali, na serikali ikibadilika, hali ya mwanariadha hubadilika nayo.

Polisi ndiko alikomkuta Jerom Ochana, ofisa aliyekuwa mwenyewe bingwa wa viunzi na aliyekimbia katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964. Ochana hakuwa na vifaa vya kifahari, lakini alikuwa na njia yake ya kufundisha jambo ambalo wanafunzi wa viunzi hulichelewa kulielewa, yaani kwamba kiunzi hakirukwi kwa kupaa bali hupitwa kwa kuteleza juu yake kwa kimo kidogo iwezekanavyo. Aliweka mwamba wa kuruka juu, ule ufito mrefu unaotumiwa na warukaji wa kimo, kwa kuulaza juu ya kiunzi na kuacha nafasi ya wastani kati yao, ili anayeruka apite katikati. Aliyepaa mno aliugonga kwa kichwa, na aliyeshuka mno aligonga ubao kwa goti au kifundo cha mguu. Akii-Bua alisimulia baadaye kwamba alitoka damu sana katika mazoezi hayo. Mafunzo ya namna hiyo yasingeruhusiwa leo katika kambi nyingi, ila matokeo yake yalionekana katika jinsi kichwa cha Akii-Bua kilivyokuwa kikienda karibu katika mstari mmoja anapovuka kiunzi, bila ule mpando na mshuko unaokula sekunde.

Mwanzoni alikimbia mita 110, na mwaka 1969 alishinda ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati katika mbio hizo. Aliyemshawishi ahamie mita 400 ni Malcolm Arnold, mwalimu kutoka Uingereza aliyefika Uganda mwaka 1968 kuwa kocha wa taifa, na ambaye miaka mingi baadaye angejulikana kwa kumfundisha Colin Jackson wa Wales, bingwa wa dunia wa mita 110. Arnold alikuwa bado kocha kijana asiye na jina, na ni haki kusema kwamba Uganda ilimfundisha yeye kama yeye alivyoifundisha. Alichokiona kwa Akii-Bua ni urefu wa takribani mita 1.88, kasi ya kutosha, na jambo la thamani kuliko yote hayo, uwezo wa kutanguliza mguu wowote kati ya miwili.

Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970 Akii-Bua alimaliza wa nne, akiwa nyuma ya Mganda mwenzake William Koskei aliyepata medali ya fedha na ambaye baadaye aliiwakilisha Kenya. Mwaka uliofuata, huko Durham katika jimbo la North Carolina, ambako timu ya Afrika ilipambana na ya Marekani, alishinda kwa sekunde 49.0, muda uliokuwa bora kuliko wa mkimbiaji yeyote duniani mwaka huo. Hata hivyo wataalamu hawakumweka mbele katika utabiri wao wa Munich, kwa sababu alikuwa ameshindana mara chache nje ya Afrika na kwa sababu macho yalikuwa kwa David Hemery wa Uingereza, aliyeshinda Mexico mwaka 1968 kwa sekunde 48.12, rekodi ya dunia ambayo wengi waliamini ilisaidiwa na hewa nyepesi ya mji ule ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na ambayo kwa sababu hiyo isingevunjwa upesi katika nchi tambarare.

Maandalizi yake ya miezi ya mwisho yalikuwa ya kutisha. Alikimbia milima ya Kampala na kuruka viunzi kwa masafa marefu kuliko yale ya mashindano, akiwa amevaa fulana yenye vipande vya risasi vilivyofikia uzito wa kilo 11 hivi, mradi mwili uzoee kubeba zaidi ya ule utakaobebwa siku yenyewe. Mantiki yake ni rahisi. Tatizo la mita 400 za viunzi liko katika viunzi vinne vya mwisho, ambapo misuli imejaa uchovu na hatua zinataka kufupika zenyewe, na kwa hiyo mazoezi ya kocha mwenye akili huelekezwa hapo, si katika mita 100 za kwanza ambazo kila mtu huzikimbia vizuri. Mpango wa Arnold ulikuwa kwamba Akii-Bua akimbie kwa hatua 13 katika sehemu ya kwanza ya mbio kisha ashuke hadi 14, akibadilisha mguu kila kiunzi, na hivyo auepuke ule mshuko mkali wa kutoka 13 hadi 15 ambao Hemery hakuweza kuukwepa.

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba 1972, na njia zilipopangwa Akii-Bua alipata ya kwanza. Kwa yote yaliyokwisha kuelezwa kuhusu mzingo wa njia hiyo, hiyo ilikuwa habari mbaya, lakini mkimbiaji anayeweza kutanguliza mguu wa kushoto au wa kulia kwa ustadi sawa ana hasara ndogo zaidi kuliko mwingine katika kona ya ndani, na inawezekana kabisa kwamba kati ya wanane waliosimama pale yeye ndiye aliyekuwa na sababu ndogo kuliko wote ya kulalamika.

Bunduki ilipolia, Hemery aliondoka kwa kasi kubwa mno, na hadi nusu ya mbio alikuwa mbele. Huo ndio mtindo uliompa ushindi Mexico, ambako aliwatangulia wenzake mapema hata wakakata tamaa, lakini mtindo huo unategemea wapinzani wamtazame na kutishika, na yule aliyekuwa njia ya kwanza, mwenye kuwaona wote, hakutishika. Kuanzia kona ya pili Akii-Bua alianza kuwameza mmoja baada ya mwingine; kufikia kiunzi cha nane alikuwa sambamba na Hemery, na walipotoka kwenye kona kuingia mstari ulionyooka mbio zilikuwa zimekwisha amuliwa, ingawa viunzi viwili vilikuwa vimebaki. Hemery, aliyekuwa amelipia mwanzo wake, alipitwa pia na Ralph Mann wa Marekani katika hatua ya mwisho kabisa. Saa ya umeme ilionyesha sekunde 47.82 kwa Akii-Bua, 48.51 kwa Mann na 48.52 kwa Hemery.

Tofauti ya sekunde 0.69 kati ya wa kwanza na wa pili, ikigeuzwa kuwa umbali kwa mwendo wa wakati ule, ni zaidi ya mita tano, na katika fainali ya Olimpiki ya mzunguko mmoja hilo ni pengo la kushangaza. Akii-Bua alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki, na Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800. Baada ya kuvuka mstari hakusimama, aliendelea kuzunguka uwanja huku akirukaruka viunzi, vingine vikiwa ni vya kuwaziwa tu, na watu wengi wanauhesabu mzunguko ule kuwa ndio uliowafundisha mabingwa waliomfuata kuwasalimu watazamaji kwa namna hiyo. Siku tatu baadaye washambuliaji wa Kipalestina waliingia katika makazi ya wanamichezo, Waisraeli 11 wakauawa, na habari za riadha zikapotea katika magazeti ya dunia.

Nyumbani alipokelewa na serikali ambayo haikuwa ile iliyomwajiri. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote, mtu wa Lango kama Akii-Bua, na tangu hapo askari wengi wa Lango na wa Acholi walikuwa wameuawa makambini, huku raia wa makabila hayo wakiishi kwa hofu. Ushindi wa Munich ulimpa Amin kitu alichokihitaji, maana sasa angeweza kumwonyesha kila aliyemshutumu kwa kuwaangamiza Walango kwamba Mlango mmoja anaishi vizuri, amepandishwa cheo katika polisi, amepewa nyumba Kampala na barabara ya mji mkuu imepewa jina lake. Nyumba hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoachwa na Waasia waliofukuzwa nchini katika miezi ileile. Hapa ndipo ile bei iliyotajwa hapo juu ilipodaiwa, kwa kuwa mwanariadha ambaye mshahara wake, cheo chake, nyumba yake na hati yake ya kusafiria vyote vinatoka mkono mmoja hana namna ya kukataa kutumiwa na mkono huo, na wala hapaswi kulaumiwa kirahisi na wale ambao hawakuwahi kuishi chini yake.

Kimichezo hasara kubwa ilikuwa kuondoka kwa Arnold, aliyerejea Uingereza baada ya Munich. Akii-Bua alishinda tena katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos mwanzoni mwa mwaka 1973, lakini muda wa Munich ndio uliobaki kuwa bora katika maisha yake yote. Mbio za viunzi haziwezi kufundishwa na mtu peke yake kwa miaka mingi, kwa sababu makosa ya hatua hayaonekani na anayeyafanya. Anahitajika mtu wa kusimama pembeni, kuhesabu, na kusema kwamba kati ya kiunzi cha sita na cha saba hatua zimekuwa 15. Uganda ya miaka ile haikuwa na mtu mwingine wa kiwango hicho aliyekuwa na nafasi ya kufanya kazi hiyo kwa utulivu, na safari za kwenda kushindana Ulaya zilitegemea ruhusa za kisiasa.

Bado alikuwa na miaka 26 tu Olimpiki ya Montreal ilipowadia mwaka 1976, umri ambao kwa mkimbiaji wa viunzi ni wa kukomaa. Hakukimbia. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi mwaka huohuo ambao wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipokataa kuiondoa New Zealand, kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki, zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilisusia michezo hiyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizosimamia msimamo huo kwa ukali, na Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu Christchurch mwaka 1974, akakosa pambano ambalo dunia nzima ililisubiri kati yake na John Walker, ambaye, kwa kinaya cha mambo, alikuwa wa New Zealand. Kususia kule kulikuwa na haki kisiasa, na kunabaki kuwa na haki; lakini gharama yake ililipwa na watu wachache sana, na orodha ya waliolipa inastahili kuandikwa kwa majina.

Tarehe 25 Julai 1976 mwanafunzi wa fizikia mwenye umri wa miaka 20 kutoka Chuo cha Morehouse, Atlanta, aitwaye Edwin Moses, alishinda mbio za viunzi za Montreal na kuipunguza rekodi ya Akii-Bua kwa chini ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Moses alikimbia hatua 13 kutoka kiunzi cha kwanza hadi cha mwisho, jambo lililokuwa likidhaniwa haliwezekani, na kwa hilo swali la kushuka hadi 14 au 15 likawa halimhusu. Wapo wanaodai kwamba Akii-Bua angemshinda, na wapo wanaodai kinyume chake. Kwa kupima hali ya mazoezi ya wote wawili mwaka ule, dai la kwanza ni gumu kulitetea, ila Moses angelazimika kukimbia akijua kwamba mwenye rekodi yuko uwanjani, na hilo si jambo dogo kwa kijana aliyekuwa katika mashindano yake ya kwanza ya kimataifa.

Utawala wa Amin uliporomoka mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala tarehe 11 Aprili. Akii-Bua, Mlango ambaye kwa asili yake alipaswa kufurahia ukombozi huo, aliogopa kwamba atahesabiwa kuwa mtu wa Amin, kwa sababu Amin mwenyewe alikuwa amemtangaza hivyo kwa miaka saba. Alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi, na aliyemtoa humo hakuwa serikali wala shirikisho la riadha, alikuwa Puma, kampuni ya viatu ambayo alikuwa akikimbia kwa viatu vyake. Kampuni hiyo ilimpeleka katika mji wake wa Herzogenaurach, ulio Bavaria, jimbo lilelile ambalo Munich ni makao yake makuu, na humo aliishi na kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda tena katika Olimpiki ya Moscow, akiwa na miaka 30, na hakufika fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akaendelea na kazi ya polisi na kufundisha vijana, hadi alipofariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa, na mjini Lira uwanja umepewa jina lake.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, ambayo Stephen Kiprotich aliileta kutoka London mwaka 2012, tena katika marathoni, mbio ambazo uzoefu wa kanda nzima ulikuwa tayari umezielekea. Viunzi vilihamia kwingine barani. Nawal El Moutawakel wa Morocco alishinda mita 400 za viunzi za wanawake Los Angeles mwaka 1984, mara ya kwanza mbio hizo kuwekwa kwa ajili yao. Amadou Dia Bâ wa Senegal alipata fedha Seoul mwaka 1988. Na Samuel Matete wa Zambia, bingwa wa dunia wa mwaka 1991, alikimbia Zürich mwaka huohuo kwa sekunde 47.10.

Afrika Mashariki ilirudi kileleni kwa njia ya Kenya. Mwaka 2015 Nicholas Bett alishinda ubingwa wa dunia Beijing akiwa njia ya tisa, ya nje kabisa, ambako mzingo ni mpole lakini mkimbiaji haoni mtu yeyote mbele yake, na mwaka uliofuata Boniface Mucheru Tumuti akapata medali ya fedha Rio de Janeiro. Bett, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 2018, alikimbia Beijing kwa sekunde 47.79, na Tumuti alikimbia Rio kwa 47.78. Wakenya hao walikuwa na viatu vyepesi zaidi, viwanja vyenye kurudisha nguvu zaidi na picha za video za kuhesabia kila hatua, na walimzidi askari polisi wa Kampala, aliyewatangulia kwa zaidi ya miaka 40, kwa sehemu tatu na nne za mia za sekunde.